Mita Ishirini za Mwisho

   

Wasikilizaji wapenzi wa Singida, mazungumzo yetu ya leo yanahusu mbio fupi, yaani mbio za mita mia, mia mbili na mia nne, na hususan jambo moja katika mbio hizo ambalo aghalabu hupuuzwa katika viwanja vya shule zetu, nalo ni uwezo wa mkimbiaji kuishika kasi yake mpaka mwisho baada ya kwisha kuipata. Uwezo huo tutauita ustahimilivu wa kasi. Nitasema mambo matatu: kwanza, kwa nini mkimbiaji hupunguza mwendo kabla ya kufika, pili, uwezo huo hufunzwa kwa mazoezi gani, na tatu, makosa gani yatubidi tuyaepuke. Nitayasema taratibu, na penye uzito nitarudia, ili mwenye kalamu aandike na asiye nayo ahifadhi moyoni.

Huenda msikilizaji mmoja akaniuliza: bwana, mkoa wetu umejulikana kwa mbio ndefu, iweje utuletee habari za mbio fupi? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake tunalipata kwa mwana wa mkoa huu huu. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya riadha ya dunia mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, alikimbia marathoni, kilomita 42 na ushei, na walipokuwa uwanjani wakiutafuta mstari wa mwisho, mbele yake alikuwako Mjerumani Amanal Petros. Simbu akamwandama, akamkaribia, wakafika mstarini kwa pamoja, Petros akijirusha hata akaanguka. Na wote wawili wakaandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikalazimu picha ya mstarini itazamwe ndipo ijulikane nani ametangulia. Aliyetangulia alikuwa Simbu, kwa sehemu tatu tu za mia ya sekunde, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo ya dunia.

Sasa tafakarini pamoja nami. Jana yake, katika uwanja huo huo, Oblique Seville wa Jamaika alishinda mbio za mita mia akimwacha mwenziwe Kishane Thompson kwa sehemu tano za mia ya sekunde. Kwa hiyo mbio za zaidi ya saa mbili ziliamuliwa kwa tofauti iliyo ndogo kuliko ile ya mbio za sekunde kumi! Ikiwa mtu aliyekimbia kilomita arobaini na mbili huhukumiwa na kasi iliyobaki miguuni mwake katika hatua za mwisho, je, yule anayekimbia mita mia mbili tu atahukumiwa na nini?

Na tuingie katika jambo la kwanza. Watu wengi hudhani ya kwamba katika mita mia mkimbiaji huongeza mwendo tangu mlio wa bastola mpaka mstari wa mwisho, na kwamba yule anayeonekana kuchomoka karibu na kufika ameongeza kasi. Hayo ni madanganyo ya macho. Tarehe 16 Agosti 2009, mjini Berlin, Usain Bolt alikimbia mita mia kwa sekunde 9.58, muda ambao hadi leo haujavunjwa, na wataalamu waliipima safari yake katika vipande vitano vya mita ishirini ishirini. Kipande cha kwanza kilichukua muda mrefu kuliko vyote, kwa kuwa kila mtu huanza kutoka katika kutulia. Kisha kila kilichofuata kikawa cha kasi kuliko kilichotangulia, mpaka kile cha nne, baina ya mita 60 na mita 80, alichokipita kwa sekunde 1.61. Na kile cha tano je? Cha tano alikipita kwa sekunde 1.66. Maana yake ni kwamba hata mtu mwenye mbio kuliko wote waliopata kupimwa, katika siku iliyo bora kuliko siku zake zote, mita ishirini za mwisho alikuwa akipungua.

Ikiwa yeye alipungua, nani asipungue? Wote hupungua, lakini mmoja hupungua kidogo na mwingine hupungua sana, na yule ambaye sisi watazamaji tunamwona anachomoka, kwa hakika ni yule aliyechelewa kuchoka ilhali wenzake wamekwisha anza kurudi nyuma. Narudia, kwa kuwa mazungumzo yote ya leo yamesimama juu ya neno hili: katika mbio fupi, mshindi aghalabu ni yule anayechelewa kupunguza mwendo.

Sababu ya kupungua huko ni nini? Misuli ya binadamu ina akiba ya nguvu iliyo tayari kutumika papo hapo, bila ya kungoja pumzi, ambayo wataalamu huiita kreatini fosfeti. Lakini akiba hiyo ni haba, na mtu akikimbia kwa nguvu zake zote sehemu yake kubwa humalizika katika sekunde chache tu. Ikiisha hiyo, mwili hauna budi kutegemea zaidi sukari iliyomo ndani ya misuli, nayo huchomwa kwa haraka pasipo hewa ya kutosha, na katika kuchomwa kwake huzaliwa uchachu ule ambao mkimbiaji wa mita mia nne huufahamu sana anapoimaliza kona ya pili, mapaja yakiwa mazito na mikono ikikataa amri. Fauka ya hayo, mishipa ya fahamu nayo huchoka: mguu hukawia ardhini, goti haliinuki, hatua hufupika, mabega hupanda na uso hukunjamana.

Ninyi wenyeji wa nchi hii kavu mnavijua visima vya mchangani vinavyochimbwa katika mito ya msimu wakati wa kiangazi. Mtu huchota kwa kata mpaka maji yanakwisha, kisha hana budi kuketi akingoja yajichuje tena kutoka mchangani, na akifanya pupa akachota kabla ya wakati hupata tope. Basi misuli ndivyo ilivyo. Baada ya mbio moja ya kasi kamili, akiba ile huhitaji dakika kadhaa kurejea, na uchachu na uchovu wa mishipa ya fahamu huhitaji zaidi ya hapo. Mwalimu asiyengoja huvuna tope.

Kabla ya kulifikia jambo la pili, ningependa kuondoa shaka moja. Wako wanaosema ya kuwa mbio fupi si fungu letu watu wa Afrika Mashariki, na kwamba sisi tumeumbiwa mbio ndefu tu. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1962, mjini Perth, Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, alishinda mbio za yadi 100 na za yadi 220 katika michezo ile ambayo leo huitwa ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1972, katika Olimpiki ya Munich, John Akii-Bua wa Uganda, askari polisi, alipangwa katika njia ya kwanza, ambayo kona yake ndiyo kali kuliko zote, akashinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mwanadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Katika Olimpiki hiyo hiyo vijana wanne wa Kenya walitwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mara nne mita mia nne. Na katika siku zetu hizi, mwaka 2021, Ferdinand Omanyala alikimbia mita mia kwa sekunde 9.77 mjini Nairobi, mji ambao kimo chake juu ya bahari hakikizidi sana kimo cha Singida yetu.

Yafaa tumtazame huyo Akii-Bua kwa makini, kwa sababu mbio zake ni miongoni mwa zile zinazotaka sana ustahimilivu wa kasi. Yeye na mwalimu wake, Mwingereza Malcolm Arnold, hawakutegemea kipaji peke yake. Akii-Bua alifanya mazoezi akiwa amevaa kizibao kilichotiwa uzito wa madini ya risasi, akiruka viunzi kwa masafa marefu kuliko ya mashindano yake, akarudia na kurudia, mpaka siku ya fainali kona ya mwisho ikamkuta bado ana miguu. Simwambii mwalimu yeyote amvishe mtoto wa shule kizibao cha namna hiyo, la hasha! Akii-Bua alikuwa mtu mzima aliyekomaa. Ninalosema ni kwamba nguvu za kumalizia hutafutwa kwa mazoezi yaliyokusudiwa, tena miezi mingi kabla ya siku yenyewe.

Sasa jambo la pili: mazoezi yenyewe ni yapi? Sheria zake ni tatu, na zote ni nyepesi kukumbuka. Sheria ya kwanza, kimbia kwa kasi iliyo karibu sana na kasi yako kamili. Sheria ya pili, pumzika mpaka uwe mustarehe, ndipo urudie. Sheria ya tatu, acha mapema, kabla mwendo haujaharibika. Kasi, mapumziko, na kuacha mapema. Haya ndiyo yanayolitenga zoezi hili na lile la kuzunguka uwanja raundi kumi.

Kwa mfano, chukueni kijana anayejitayarisha kwa mita mia. Akiisha kupasha mwili joto kwa nusu saa, kwa kukimbia polepole, kunyosha viungo na kufanya vimbio vifupi vya kuongeza mwendo, na akimbie mita 120 mara tatu, na akizoea mara nne, kila baada ya mbio moja akipumzika dakika nane mpaka kumi. Wa mita mia mbili na akimbie mita 150 au 180 mara mbili au tatu, akipumzika dakika kumi hadi kumi na tano. Wa mita mia nne na akimbie mita 300 mara mbili tu, na baina ya mbio hizo mbili apate robo saa nzima, au hata dakika ishirini. Mapumziko hayo si ya kulala chini. Atembee pole pole, anywe maji kidogo, akae kivulini, asiuache mwili upoe kabisa.

Najua kuna mzee mmoja anayecheka hivi sasa na kusema: mbio mbili tu, kisha kijana arudi nyumbani? Ndiyo, mzee wangu, mbio mbili tu, lakini mbio mbili za kweli. Zoezi hili halihesabiwi kwa wingi wa jasho. Kijana aliyekimbia mita mia tatu mara mbili kwa kasi inayostahili ameufunza mwili wake kustahimili uchachu na kuitunza hatua. Ilhali yule aliyekimbizwa mara nane bila ya kupumzika, mbio za kwanza mbili alizikimbia kwa kasi na sita zilizosalia alijifunza kukimbia polepole. Mwili hushika kile unachorudia. Ukirudia uvivu wa hatua, utaushika uvivu huo.

Na zoezi hili lifanywe mara ngapi? Mara moja kwa juma yatosha kwa mwanafunzi, na mara mbili ndio mwisho kwa kijana aliyekomaa, tena baina yake zipite siku mbili kamili za mazoezi mepesi au za kupumzika. Wala lisianzwe kabla ya wakati wake. Majuma ya mwanzo ni ya kujenga mwili, kukimbia kwa wastani, kupanda vilima vyetu kwa hatua ndefu, na kujifunza kuanza mbio na kuongeza mwendo. Kwa maana mtu asiye na kasi atastahimili nini? Kasi hutangulia, na kuistahimili hufuata. Na watoto wadogo wa shule za msingi wapewe masafa mafupi zaidi, na michezo iwe mingi kuliko mazoezi.

Hapa kwetu yako mambo mawili ya nchi ambayo sharti mwalimu ayazingatie. La kwanza ni kimo. Singida iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyepesi, haimzuii sana mwenye kasi. Ndiyo maana Olimpiki ya Mexico City ya mwaka 1968, mji ulio juu zaidi kuliko wetu, ilizaa rekodi nyingi za mbio fupi. Lakini hewa hiyo hiyo humchelewesha mtu kurudisha pumzi, kwa hiyo mapumziko yetu yasipunguzwe kamwe, aula kuyazidisha. La pili ni upepo. Upepo wa Singida hauhitaji kuelezwa kwa Mnyaturu wala kwa Mnyiramba. Sheria za riadha hazikubali rekodi ya mita mia wala ya mita mia mbili ikiwa upepo wa mgongoni umezidi mita mbili kwa sekunde, na mazoezini vilevile saa ya kijana aliyesukumwa na upepo isilinganishwe na ya aliyeukabili kwa kifua. Wafanye zoezi asubuhi, upepo na jua vikiwa vimetulia, au wakimbie wote upande mmoja, siku zote upande ule ule.

Uwanja je? Wengi wetu hatuna uwanja wa riadha wenye njia zilizopigwa mistari, na hilo lisiwe udhuru. Urefu wa uwanja wa mpira aghalabu hukaribia mita mia. Pimeni kwa utepe wa fundi, tieni alama kwa chokaa au majivu, okoteni mawe na miiba, na tafuteni mashimo yaliyofichwa na nyasi, kwani shimo moja dogo laweza kumwondoa kijana mashindanoni kwa mwaka mzima. Saa ya kupimia imo ndani ya simu ya mkononi. Kwa hiyo kinachohitajika ni uangalifu, na daftari la kuandikia muda wa kila mmoja.

Nimefika katika jambo la tatu, nalo ni makosa. Kosa kuu kuliko yote ni kuyaibia mapumziko. Mwalimu ana wanafunzi arobaini, uwanja ni mmoja, jua linakuchwa, na mapumziko humwonekea kama wakati uliopotea. Dawa yake ni hii: awagawe makundi manane ya watano watano, na kila dakika moja alitoe kundi moja. Kundi la nane likiisha kukimbia na zamu ikirudi kwa lile la kwanza, hilo limekwisha pumzika karibu dakika nane bila ya mtu yeyote kuonekana amekaa bure. Tazameni jinsi utaratibu mdogo unavyoleta faida kubwa!

Kosa la pili ni kukaza mwili. Kijana anapohisi anapungua, hukunja ngumi, huuma meno, hutupa kichwa nyuma, akidhani anaongeza juhudi; kumbe anazifunga zile nguvu chache zilizosalia. Mwambieni alegeze taya na viganja, mabega yakae chini, mikono iende mbele na nyuma bila ya kukatiza kifua, na macho yatazame mbele. Hilo nalo hujifunzwa katika mbio zile mbili au tatu za zoezi, wala halipatikani siku ya mashindano.

Kosa la tatu ni kutohesabu kazi za nyumbani. Binti aliyeamka alfajiri akafuata maji mbali, akarudi na ndoo kichwani, kisha akatembea kwenda shule na kurudi, amekwisha kufanya zoezi kabla ya filimbi ya mwalimu. Je, mwalimu humwuliza? Wazazi nao, ikiwa binti au mvulana ana siku yake ya mbio za kasi, hawawezi kumpunguzia mzigo wa siku hiyo moja na kumwacha alale mapema? Usingizi ni sehemu ya mazoezi, na chakula cha kutosha vilevile, ugali na maharage, mboga na maziwa, vitu vilivyomo majumbani mwetu.

Kosa la nne na la mwisho ni kumlazimisha aliyeumia. Kijana akisema nyuma ya paja panamvuta, zoezi lake la siku hiyo limekwisha. Kumwita mwoga ni dhuluma, na tena ni kujinyima mkimbiaji kwa miezi.

Alhasili, wasikilizaji wapenzi, tumesema ya kwamba kila mkimbiaji hupungua, na mshindi ni anayechelewa kupungua. Tukasema uwezo huo hupatikana kwa mbio chache za kasi, zilizotengwa kwa mapumziko marefu na kuachwa mapema. Tukasema tusiyaibie mapumziko, tusikaze mwili, tusisahau kazi za nyumbani, na tusimlazimishe aliyeumia. Michezo ya shule za msingi na za sekondari, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, haiandaliwi kwa majuma mawili. Mwalimu anayenisikiliza na afungue daftari lake juma hili, aandike majina, apime uwanja, na achague siku moja katika juma ambayo mbio za kasi zitakuwa zake peke yake. Na mzazi anayenisikiliza na amwulize mwanawe siku hiyo ni ipi.

Panapo majaliwa, juma lijalo saa kama hii tutazungumza juu ya namna ya kuanza mbio, kwa maana wako vijana wengi ambao hushindwa kabla hawajapiga hatua ya tano. Walio na maswali waandike, tutayajibu.